Jinsi ya Kutambua Aleli za HLA Zinazojificha Chini ya Jina Moja Kabla ya Kupandikiza Figo au Uloto

Ripoti mbili za maabara ziko mezani, zote za vipimo vya HLA, yaani jeni ambazo protini zake huiwezesha kinga ya mwili kutofautisha tishu zake na tishu ngeni. Ya kwanza ni ya mama ambaye figo zake zimeshindwa kazi, nayo inasoma A*30, A*74, B*42, B*15, DRB1*03, DRB1*13. Ya pili ni ya mumewe, anayetaka kumpa figo moja, nayo inasoma A*30, A*68, B*07, B*15, DRB1*03, DRB1*11. Anayezihesabu harakaharaka atasema kwamba wawili hawa wamelingana nusu kwa nusu, yaani tofauti tatu kati ya sita, jambo ambalo kwa mume na mke wasio na undugu wa damu ni bahati njema. Sampuli zilezile zikisomwa kwa kina, ya mama ni A*30:01, A*74:01, B*42:01, B*15:03, DRB1*03:02, DRB1*13:02, na ya baba ni A*30:02, A*68:02, B*07:02, B*15:16, DRB1*03:01, DRB1*11:01. Hakuna hata moja iliyolingana. Tofauti tatu zimekuwa sita, na kilichobadilika ni kina cha usomaji tu.

Familia hii nimeitunga kwa ajili ya maelezo, ila aleli nilizowapa, yaani matoleo ya jeni, ni za kweli na zinapatikana miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Tutawarudia mara kadhaa. Mwongozo wenyewe unamlenga mtaalamu wa maabara anayeanza kazi ya kulinganisha tishu, pamoja na daktari au muuguzi mratibu anayepokea ripoti na kutakiwa kuitolea uamuzi. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, watu wa Afrika Mashariki wanaoshika ripoti za namna hii mikononi mwao wameongezeka, na wengi wao walisomea mambo mengine kabisa.

Jina la aleli lina ngazi

Jeni za HLA zimekaa kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6, na kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Zinazohusika zaidi katika upandikizaji ni HLA-A, HLA-B na HLA-C za daraja la kwanza, ambazo protini zake hukaa karibu kwenye kila seli yenye kiini, na DR, DQ na DP za daraja la pili, ambazo hukaa hasa kwenye seli za mfumo wa kinga. Kazi ya protini hizi ni kushika vipande vidogo vya protini nyingine na kuvionyesha kwa seli za kinga. Ndiyo maana zinatofautiana mno kati ya mtu na mtu, kwa kuwa kila kizazi kilikabiliwa na maradhi yake, na ndiyo maana pia kinga ya mpokeaji huzishambulia kwa ukali zikiwa ngeni.

Chukua jina refu kama A*24:02:01:02L ulivunje vipande. Herufi A ni jina la jeni. Namba 24 baada ya kinyota ni familia ya aleli, na mara nyingi, ingawa si mara zote, hufuata jina la zamani lililotokana na vipimo vya seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili. Namba 02 inayofuata baada ya nukta pacha ndiyo protini yenyewe: aleli mbili zikitofautiana hapo, basi zimetofautiana angalau kwa asidi amino moja. Namba ya tatu huonyesha mabadiliko ya DNA ambayo hayabadilishi protini, na ya nne huonyesha mabadiliko yaliyo nje ya maeneo yanayotafsiriwa kuwa protini. Herufi L ya mwisho inasema kwamba protini hii hutokea kwa uchache kwenye uso wa seli. Ungekuta N mahali hapo, maana yake ni kwamba haitokei kabisa. Mtindo huu wa nukta pacha ulianza kutumika mwaka 2010, kwa hiyo ripoti ya kabla ya hapo itaandika A*2402 bila kutenganisha namba, na anayeihamishia kwenye mfumo wa sasa hana budi kuwa mwangalifu.

Mkanganyiko wa familia una historia yake. Jean Dausset alieleza antijeni ya kwanza ya aina hii, yaani alama inayotambuliwa na kinga, mwaka 1958, na mwaka 1964 Paul Terasaki pamoja na mwenzake walileta kipimo cha vishimo vidogo kinachotumia tone moja la seramu lenye ujazo wa mikrolita moja. Kwa miaka mingi seramu za akina mama waliokwisha kuzaa ndizo zilizokuwa vitendanishi, na zilitambua vikundi vipana. Baadaye vikundi hivyo viligawanyika: A9 ikawa A23 na A24, DR3 ikawa DR17 na DR18, B5 ikawa B51 na B52. Familia ya B*15 ndiyo yenye fujo kuliko zote, kwa sababu chini ya namba hiyo moja ya DNA wamo B62, B63, B71, B72, B75 na wengine, ambao seramu zilikwisha kuwatenga kama watu baki. B*15:03 ya mama yetu ni B72. B*15:16 ya mumewe ni B63. Kuwaita wote B*15 ni sawa na kusema kwamba watu wawili ni ndugu kwa kuwa wote wanaitwa Juma.

Sampuli

Hapa sitakawia, ila makosa mengi makubwa huzaliwa hapa. Damu itolewe kwenye chupa ya EDTA yenye kizibo cha zambarau, si ya heparini, kwa sababu heparini huzuia PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi maabara. Chupa iandikwe mbele ya mwenye damu, kabla ya kuondoka kitandani au kitini. Kwetu ndugu wa baba mmoja hushirikiana jina la pili na la tatu, kwa hiyo ndugu wanne wakitolewa damu asubuhi moja, chupa nne zitatofautiana kwa jina la kwanza tu, na wakiwamo Kulwa na Doto hata tarehe ya kuzaliwa haitasaidia. Tumia namba ya hospitali pamoja na jina kamili, na kwa yeyote atakayefika hatua ya mwisho, mpokeaji na mchangiaji, chukua sampuli ya pili siku nyingine na uisome upya. Kusoma mara mbili chupa ileile hakugundui chupa iliyobadilishwa.

Mgonjwa wa saratani ya damu mwenye seli nyingi za saratani anaweza kuwa amepoteza kipande cha kromosomu ya 6 ndani ya seli hizo, na damu yake ikasomeka kana kwamba ana nakala moja tu. Msugulie usufi ndani ya shavu na ulinganishe. Aliyewahi kupandikizwa uloto damu yake hubeba DNA ya aliyemchangia, kwa hiyo tafuta ripoti yake ya kabla ya upandikizaji au tumia tishu nyingine.

Kuchagua njia ya kusoma

Kipimo cha PCR kinachotumia praima mahususi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili, hujibu ndiyo au hapana kwa kila praima, na huwa tayari ndani ya saa chache. Kipimo kinachotumia shanga zilizobandikwa vipande pelelezi vya DNA hupima sampuli nyingi kwa pamoja. Vyote viwili vinafaa kutambua familia, na wakati mwingine hufika ngazi ya protini, lakini havisomi jeni yenyewe: vinauliza maswali yaliyotungwa mapema, na aleli ambayo haikutungiwa swali lake itajibu kama jirani yake. Isitoshe, vitendanishi vya biashara vilitungwa kwa kutegemea zaidi aleli za watu wa Ulaya, ambao ndio waliochunguzwa kwa wingi. Kwa mgonjwa wa Mwanza au Kisumu hilo linamaanisha kwamba orodha ya uwezekano uliobaki wazi inaweza kuwa ndefu kuliko alivyozoea mtengenezaji.

Kusoma mfuatano wa DNA kwa njia ya Sanger kulikuwa hatua kubwa mbele, ila njia hiyo husoma nakala mbili kwa pamoja. Penye tofauti utaona vilele viwili vimepandana, tuseme A na G katika eksoni ya 2 (eksoni ni kipande cha jeni kinachobeba maelekezo ya protini), kisha C na T katika eksoni ya 3, na hutajua kama A inakaa na C kwenye kromosomu moja au inakaa na T. Majibu mawili tofauti kabisa yanaweza kutoa picha ileile. Mashine za kizazi kipya husoma kila kipande cha DNA peke yake, hivyo tofauti zilizo karibu huunganishwa, na mashine za kusoma vipande virefu huweza kupita jeni nzima ya daraja la kwanza, ambayo ina takriban herufi 3,000, kwa mkupuo mmoja. Ushauri wangu ni huu: kwa mchangiaji aliye hai hakuna haraka inayohalalisha kuishia kwenye familia. Soma ngazi mbili, yaani familia na protini, kwa A, B, C, DRB1, DRB3/4/5, DQA1, DQB1, DPA1 na DPB1 tangu mwanzo. Gharama ya ziada ni ndogo ukiilinganisha na mwaka mmoja wa kusafisha damu. Ngazi ya tatu na ya nne, kwa upande wa figo, waachie watafiti, isipokuwa pale zinapogusa herufi ya mwisho kama L au N.

Kutafsiri kilichosomwa

Anza na alama. Mkwaju kati ya aleli mbili, kama A*74:01/74:02, una maana kwamba mashine haikuweza kuamua ni ipi. Alama ya kujumlisha hutenganisha nakala mbili za mtu mmoja. Mstari wa wima hutenganisha jozi nzima ya uwezekano na jozi nyingine. Ukikuta herufi badala ya namba, mathalani B*15:XX, ujue kwamba kilichofahamika ni familia peke yake. Kuna maabara huandika 15:01 kwa mazoea pale zilipoishia B*15, kwa kuwa ndiyo aleli ya kawaida Ulaya. Miongoni mwa Waafrika mazoea hayo hupotosha, maana huku B*15:03 na B*15:10 hupatikana kwa wingi. Ukiwa na shaka, piga simu uliza kilichosomwa hasa ni kipi.

Baada ya hapo jiulize kama utata uliobaki una madhara. Herufi G mwishoni mwa jina, kama A*74:01:01G, hukusanya aleli zote zenye mfuatano mmoja katika eksoni za 2 na 3 kwa daraja la kwanza, au eksoni ya 2 kwa daraja la pili, ambazo ndizo zinazojenga shimo la kushikia vipande vya protini. A*74:01 na A*74:02 hutofautiana katika eksoni ya 1, sehemu ambayo hukatwa kabla protini haijafika kwenye uso wa seli, kwa hiyo kinga haitaiona tofauti hiyo na huna sababu ya kupoteza pesa kuitafuta. DRB1*14:01 na DRB1*14:54 hutofautiana katika eksoni ya 3. Zamani, eksoni ya 2 ilipokuwa ikisomwa peke yake, zote ziliandikwa 14:01, na baadaye wengi wa watu hao wakaonekana kuwa ni 14:54. Anayelinganisha ripoti ya zamani na ya sasa akakuta namba hizo mbili asikimbilie kusema kwamba mtu amebadilishiwa chupa.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni pale mtu anapoonekana kuwa na aleli moja tu. Huenda ni kweli kwamba amerithi aleli moja kutoka pande zote mbili. Huenda pia praima haikushika nakala ya pili kwa sababu ina tofauti hasa pale praima inapobandika, nayo ikapotea bila kuacha alama. Fungua picha ya usomaji uangalie uwiano: katika mtu mwenye nakala mbili tofauti, vipande vya kila moja hukaribiana kwa idadi, na kama upande mmoja una vipande vichache mno vilivyoachwa na programu kama takataka, hiyo ndiyo dalili. Rudia kwa vitendanishi vya mtengenezaji mwingine, na kama wazazi wapo, wapime. Baba mwenye B*42 na B*53 hawezi kuwa na mtoto ambaye nakala zake zote mbili ni B*15. Ama nakala imepotea kwenye kipimo, ama kuna jambo la kifamilia ambalo ripoti ya maabara si mahali pa kulitangaza.

Kuna pia kipimo cha bure ambacho wengi hawakitumii. Jeni za DRB3, DRB4 na DRB5 hufuatana na DRB1 kwa utaratibu karibu usiovunjika: wenye DRB1*03, *11, *12, *13 na *14 huwa na DRB3, wenye *04, *07 na *09 huwa na DRB4, wenye *15 na *16 huwa na DRB5, nao wenye *01, *08 na *10 hawana yoyote. Mama yetu ana *03:02 na *13:02, kwa hiyo ripoti yake inapaswa kuonyesha DRB3 pekee. Ikionyesha na DRB5, kuna *15 au *16 iliyofichika, au sampuli imechanganyika. Vivyo hivyo aleli nyingine hutembea kwa misafara. Katika watu wenye asili ya Afrika, B*42:01 hupenda kuandamana na C*17:01, DRB1*03:02 na DQB1*04:02, na mara nyingi A*30:01. Ukiona B*42:01 bila C*17:01 usiseme ni kosa, ila rudi uangalie tena C.

Aleli zilizopo kwenye DNA lakini hazipo kwenye seli

A*24:09N imefanana na A*24:02 isipokuwa kwa herufi moja. Kwenye eksoni ya 4, kodoni (kikundi cha herufi tatu) ya 224, CAG imekuwa TAG, na TAG ni amri ya kusimama. Protini hukatika njiani na haifiki kwenye uso wa seli. Kipimo kinachoangalia eksoni za 2 na 3 peke yake kitaziita zote mbili A*24:02, kwa kuwa huko hazina tofauti. Ndugu yake A*24:11N ana kosa la namna nyingine: katika mfululizo wa C saba wa eksoni ya 4 ameongezewa C ya nane, na kuanzia hapo usomaji wote umesogea. Mifululizo ya herufi moja ndipo mashine za kusoma vipande virefu hujikwaa, kwa hiyo usiikubali wala kuikataa N ya aina hii mpaka uithibitishe kwa njia nyingine. C*04:09N nayo imepoteza herufi moja katika eksoni ya 7, na mara nyingi husafiri pamoja na B*44:03, jambo linalotosha kukufanya uichunguze C kila uonapo B*44:03 na C*04 kwa mtu mmoja.

Madhara hutegemea nani anayebeba aleli hiyo. Mpokeaji wa figo mwenye A*24:09N mwili wake haujawahi kuiona A24, kwa hiyo anaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake, na figo ya mtu mwenye A*24:02 ni ngeni kwake ingawa karatasi inasema wamelingana. Katika upandikizaji wa uloto mambo yanageuka, kwa sababu kinga inayopandikizwa ni ya mchangiaji: akiwa na A*24:09N naye mgonjwa ana A*24:02, seli za mchangiaji zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo katika kuhesabu, aleli yenye N ihesabiwe kama haipo.

Kingamwili inayoonekana kumpiga mwenyewe

Turudi kwa mke na mume. Kabla ya upandikizaji, seramu ya mama hupimwa kwa shanga ambazo kila moja imebandikwa antijeni moja ya HLA. Mashine hupima mng'ao wa kila shanga, na shanga inayong'aa sana inaonyesha kingamwili. Umuhimu wa hatua hii ulionekana wazi mwaka 1969, pale Patel na Terasaki walipoonyesha kwamba kati ya wapokeaji 30 ambao seramu zao ziliua seli za wachangiaji wao kabla ya operesheni, figo 24 zilishindwa mara moja, lakini kati ya 195 ambao seramu zao hazikuua, zilishindwa 8.

Tuseme mama huyu amezaa watoto watatu na mume huyohuyo. Katika ripoti yake zinang'aa shanga za B51, B52, B53, B57, B58, A23, A24, A25, A32, na pamoja nazo B*15:16. Msomaji aliyeshika ripoti ya familia pekee atasema: mama mwenyewe ana B*15, mtu hatengenezi kingamwili dhidi ya antijeni yake, kwa hiyo mng'ao wa shanga ya B*15 ni hitilafu ya shanga. Ataifuta. Na kwa kuwa mume hana B51, wala B53, wala A24, ataandika kwamba hakuna kingamwili dhidi ya mchangiaji.

Sasa zitazame shanga hizo kama kundi. Zote zina alama iitwayo Bw4, ambayo ni asidi amino chache katika nafasi ya 77 hadi 83 ya protini. Protini za B ambazo hazina Bw4 mara nyingi huwa na Bw6 mahali palepale. B*42:01 na B*15:03 za mama zote ni Bw6, wala A*30:01 na A*74:01 hazina Bw4, maana yake mwili wake haujui Bw4 ni nini. B*15:16 ya mume ina Bw4. Watoto waliorithi B*15:16 kwa baba yao walikaa tumboni mwake miezi tisa, na kinga yake ikajifunza. Shanga haikukosea hata kidogo. Kilichokosewa ni jina, kwa kuwa B*15 ya mama na B*15 ya baba ni protini mbili ambazo kinga ya mama inazitenganisha bila shida, hata kama karatasi haizitenganishi.

Kwa hiyo kila unapokutana na kingamwili inayoonekana kumpiga mgonjwa mwenyewe, usiifute kwanza. Angalia kina cha usomaji wa mgonjwa na cha mchangiaji. Tafuta orodha ya aleli zilizobandikwa kwenye shanga, si majina ya familia tu, kwa kuwa familia moja inaweza kuwa na shanga mbili au tatu zenye majibu tofauti. Panga shanga zinazong'aa uone zimeshirikiana nini. Fikiria aleli yenye N. Kwa upande wa DQ na DP kumbuka kwamba protini ina minyororo miwili, alfa na beta, na kingamwili inaweza kushika wa alfa, ndiyo sababu nilisisitiza DQA1 na DPA1 zisomwe. Zikikosekana sababu zote hizi, hapo ndipo ufikirie hitilafu, kwa maana zipo kweli: protini zilizokunjuka zikiwa kwenye shanga huonyesha sehemu ambazo kwenye seli hai zimefichika, na baadhi ya watu wana kingamwili za kushika sehemu hizo. Krosimachi, yaani kuchanganya seli hai za mchangiaji na seramu ya mgonjwa uone kama itazishambulia, husaidia kuamua. Upande wa pili, mng'ao mdogo si lazima uwe na maana ya kingamwili kidogo. Seramu yenye kingamwili nyingi mno huweza kujizuia yenyewe na kuonyesha namba ya chini, na ukiichanganya na maji ya chumvi au ukiiwekea EDTA, namba inapanda. Hakuna kiwango kimoja cha mng'ao kinachokubalika na maabara zote duniani, kwa hiyo usiazime namba ya maabara nyingine ukaifanya sheria.

Ndugu wa tumbo moja, na wasio ndugu

Kwa ndugu wa baba na mama mmoja kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa jeni za HLA hurithiwa kwa msafara mzima. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, mbili kati ya nne za kulingana nusu, na moja ya kutolingana kabisa. Hii ndiyo njia inayotumika kwa watoto wenye selimundu wanaopandikizwa uloto wa ndugu zao, kama inavyofanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma. Pima wazazi wote wawili ukiweza, ichore misafara minne, kisha ona kila mtoto ameshika ipi. Msafara ukivunjika katikati, jambo ambalo hutokea mara chache, mchoro ndio utakaoonyesha.

Anayekosa ndugu anayelingana hutafutiwa kwenye rejista za wachangiaji wa uloto, ambako hulinganishwa angalau A, B, C na DRB1 kwa ngazi mbili, yaani nane kwa nane. Uchunguzi wa rejista ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Mmarekani mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa asilimia 75 wa kupata anayelingana naye, lakini kwa makundi ya watu weusi uwezekano ulikuwa kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ni mbili: wachangiaji weusi ni wachache katika rejista, na aleli za Waafrika ni za namna nyingi zaidi, zimechanganyika kwa njia nyingi zaidi. Anayetuma jina la familia tu kwenye rejista atarudishiwa orodha ndefu ya watu wasiolingana na mgonjwa wake.

Ripoti

Andika aleli kwa ngazi ulizozisoma kweli, usizipunguze wala usizikisie. Taja eksoni zilizosomwa, njia iliyotumika, na toleo la hifadhidata ya IPD-IMGT/HLA ulilolinganisha nalo, kwa sababu hifadhidata hiyo hutolewa upya kila baada ya miezi mitatu na sasa ina aleli zaidi ya 40,000. Kilichokuwa aleli mpya mwezi Januari kinaweza kuwa na jina mwezi Aprili. Hesabu tofauti kwa ngazi ya protini, na uorodheshe kando kila kingamwili inayogusa aleli ya mchangiaji kwa jina lake kamili. Kwa mke na mume wetu, sehemu ya hitimisho ingesomeka hivi: “Tofauti sita kati ya sita katika A, B na DRB1 kwa ngazi ya protini. Mpokeaji ana kingamwili dhidi ya Bw4, ambayo mchangiaji anayo kwenye B*15:16. Krosimachi ya seli inatarajiwa kuwa chanya. Inashauriwa kupima wachangiaji wengine wa familia wasio na Bw4, na kurudia seramu ya mpokeaji baada ya kila kuongezewa damu.”